Sumaili na Watu wa Stensili

Sumaili Kalonga alikuwa mtu pekee mjini Kindu aliyekiri kwamba anayoyaandika si kweli, na akawa mtu pekee aliyeaminiwa. Wakubwa wenye mikrofoni, mihuri na karatasi zenye mwenge wa Chama walituapia kila asubuhi kwamba wanasema kweli, na hata kuku wa Alunguli, upande wetu wa mto, hawakuwasikiliza. Kwa miaka miwili tulilicheka jambo hilo. Kisha lilitujazia makaburi madogo.

Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye vidole virefu visivyolingana na mwili wake. Alizaliwa hapa hapa, katika jamaa ya Waungwana, wale ambao babu zao walifika na misafara kutoka pwani wakatuachia msikiti, mchele na lugha. Baba yake alimpeleka shule ya mapadri kwa masharti mawili: asile nguruwe na asibadili jina. Baada ya miaka minane alirudi bila kuvunja hata moja, akijua Kifaransa cha barua na kupiga mashine bila kutazama vidole. Tangu hapo alikuwa karani wa mashine katika ofisi ya serikali ng'ambo ya mto. Aliwapigia barua Wabelgiji, akawapigia waasi kwa miezi michache, akawapigia wanajeshi, akawapigia Chama.

"Mashine njo ile ile," alikuwa akisema, kwa "njo" yetu ya Kindu, ambayo wengine husema "ndiyo". "Mutu wa kusema ndiye anabadilika."

Nyumba yake ilikuwa Alunguli, ukuta wa matofali mabichi na bustani ya sombe, yaani kisamvu, nyuma. Aliishi na mkewe Mwanahamisi na mjukuu wao Aziza, wa miaka minne. Mama yake Aziza, mtoto wao pekee aliyefikia utu uzima, alikufa siku tatu baada ya kujifungua, kwa kuwa usiku ule hospitali haikuwa na damu wala taa. Aziza alirithi mchezo wa babu yake. Alikuwa akigeuza beseni chini juu, analigonga kwa vidole vyote kumi, kisha anapiga kelele "Ting!" na kusukuma mkono upande, kama mashine inavyofika mwisho wa mstari.

Ofisini Sumaili aliangalia pia roneo, mashine ya kutoa nakala. Mtu asiyeijua ajue hivi. Stensili ni karatasi ya nta. Unaipiga kwa mashine bila utepe, herufi zinaitoboa. Unaivisha kwenye pipa lenye wino, unazungusha mkono, na karatasi zinatoka moja baada ya moja, mia, mia na hamsini, zote sura moja. Mwishowe nta inachanika, wino unavuja, unaikunja stensili na kuitupa.

Mwaka wa sabini na saba nilitoka chuo kikuu cha Kisangani kuja kufundisha hapa, na katika sanduku langu mlikuwa na gazeti la sayansi la Kifaransa. Lilieleza habari za vyura. Wataalamu wa Ulaya walichukua chembe moja ya utumbo wa kiluwiluwi, wakaitia ndani ya yai lililotolewa kiini chake, akakua chura mzima, sawa kabisa na yule mwenye ile chembe. Mwandishi alisema kwamba siku moja itawezekana kwa binadamu. Nilimwazima Sumaili gazeti hilo. Kesho yake alinirudishia, macho yamemtoka.

"Mwalimu," akasema, "hii njo stensili!"

Akaanza kuandika. Alikuwa akiandika saa za mchana, mkubwa wake anapolala ofisini miguu juu ya meza. Katika miaka miwili alitunga hadithi saba fupi, zote juu ya watu wanaotolewa nakala. Vitabu vya Ulaya nilivyosoma juu ya jambo hilo vinauliza kama nakala ana roho. Sumaili hakuuliza hilo. Aliuliza maswali ya Kindu. Nani atamwita nakala mwanangu? Akioa, anatolewa mahari na wajomba gani? Akifa, nani anamwosha, na matanga yanakaa nyumba gani?

Katika hadithi moja, mwanaume anakwenda kuchimba bati Kalima na kumwachia mkewe nakala yake ili nyumba isikose mtu. Anarudi baada ya miaka sita, anakuta nakala ameezeka nyumba upya, hanywi pombe, na anamkaribisha chai kwa adabu kubwa. Wazee wanakaa kuamua mume ni yupi. Wanawauliza wote wawili swali moja: nani kati yenu alichimba kaburi la baba mkwe? Nakala anainua mkono. Yule aliyekuwa Kalima anachukua mzigo wake na kuondoka bila kuaga.

Karatasi ilikuwa adimu enzi zile. Hata sisi walimu tulikuwa tukisahihisha mitihani kwenye mifuko ya saruji. Kwa hiyo Sumaili alichapa hadithi zake nyuma ya matangazo ya ofisi yaliyoharibika. Mbele kulikuwa na mwenge wa Chama, namba, tarehe, na habari kwamba mavuno yameongezeka mara mbili. Nyuma kulikuwa na watu wa nakala. Nimezishika karatasi hizo mkononi mara nyingi, na mimi, msomi wa chuo kikuu, sikuona hatari yoyote ndani yake.

Zilikuwa zikisomwa kivukoni. Hamadi, mwenye mtumbwi mkubwa kuliko yote ya upande wetu, alikuwa akisoma kwa sauti huku akingoja abiria watimie.

"Baba Sumaili," aliwahi kumwambia, "wakinitoa nakala, yeye njo atapiga kasia, mimi nalala."

"Nakala yako naye atalala. Si ni weye?"

"Basi wanitolee nakala ya mutu mwingine!"

Muuza samaki mmoja, beseni kichwani, akadakia: "Mimi mwanaume moja tu ananichokesha, na baba Sumaili anataka kuniletea wa pili wa sura ile ile!"

Abiria wakacheka hadi mtumbwi ukayumba. Sumaili alikuwa amekaa mbele, karatasi gotini, anatabasamu kwa aibu kama bibi harusi. Sikuwahi kumwona akiwa na furaha kuliko pale.

Hadithi ya saba aliiita "Watu wa Stensili". Daktari anapita vijijini na sindano, anatoa katika mkono wa kila mtoto kipande cha ngozi kidogo kama punje ya mchele. Vipande hivyo vinakuzwa ndani ya chupa. Wanatoka watu, sawa na wale watoto, na wanapelekwa mbali kuchimba na kubeba. Kwa nini wao? Kwa kuwa hawana mama. Asiye na mama hakuna wa kumlilia, na asiye na wa kumlilia unaweza kumfanya lolote. Miaka ishirini baadaye kijana wa Alunguli anaajiriwa kituo cha reli. Anafungua behewa la mizigo na kukuta uso wake mwenyewe, mara sitini, umepangwa kama magunia, unamtazama. Anasimama kidogo. Kisha anafunga mlango na kuandika kwenye daftari: behewa limejaa. Ana kazi, na kazi haipatikani.

Jioni aliyoimaliza alimsomea mkewe uani, na alipofika pale kwenye behewa akalia. Mimi nilipoisoma nilijua kwamba hazungumzii Ulaya. Alikuwa akizungumzia sisi, tuliopangwa mistari kila Jumamosi, vitambaa sare, makofi sare, sisi tunaofunga mlango na kuandika kwamba limejaa. Kivukoni waliisoma kimya, na huyo muuza samaki akaikunja karatasi yake na kuifunga katika pindo la kitenge. Ukimya ule ulipaswa kunishtua, nami niliuchukua kuwa heshima.

Hiyo ilikuwa mwezi wa tatu mwaka wa sabini na tisa. Mwezi wa sita surua ilianza kuua watoto huko chini ya mto, na Muganga Kyakimwa akafika Alunguli na sanduku la barafu.

Alikuwa muuguzi wa upande wa Butembo, mwanamke mnene, mkali, asiyelala. Alibatizwa Sabine, sheria iliyopiga marufuku majina ya Kikristo ikamnyang'anya Sabine, naye akasema kwamba dawa haijali anayeidunga anaitwaje. Alhamisi jioni aliweka meza yake kwenye baraza la shule. Ijumaa asubuhi alifungua sanduku lililokuwa na dozi mia mbili na arobaini. Hadi adhuhuri hakuna mtoto hata mmoja aliyefika.

Sumaili alivuka mchana kuja kuswali. Hamadi alimpokea kwa tabasamu la mtu mwenye siri.

"Baba, watu wameelewa."

"Wameelewa nini?"

"Ule muganga amefika. Anataka mikono ya watoto." Akakonyeza jicho. "Hakuna hata moja amekwenda. Wote wamefichwa. Kazi yako imefika, baba."

Sumaili alisimama ndani ya mtumbwi, jambo ambalo mtu wa mto hafanyi.

"Hamadi! Ile njo hadithi. Niliitunga mimi, kwa kichwa changu!"

"Ndiyo, baba. Uliitunga." Akakonyeza tena.

Ijumaa ile hakuswali. Alikwenda moja kwa moja shuleni. Kyakimwa alimtazama toka miguuni hadi kofia.

"Weye njo mwenye hadithi?"

"Mimi, mama."

"Basi unisikie. Nimepanda mto siku nane, nikiomba barafu kwenye kila ghala la bia kama ombaomba, maana friji ya hospitali yenu haina petroli tangu Pasaka. Barafu hii njo ya mwisho. Itakaa mpaka Jumapili jua likizama. Ikiyeyuka, dawa inakufa. Na surua inakuja na mashua ile ile iliyonileta mimi."

"Mimi niliandika, mimi nitawaambia."

"Waambie haraka."

Alianza na nyumba za jirani. Katika nyumba ya kwanza bibi mmoja alimwekea kiti, akamsikiliza hadi mwisho, akamshika mkono kwa huruma.

"Tunakuelewa, mwanangu. Wamekutisha."

"Hakuna aliyenitisha, mama."

"Njo vile mutu anasema akitishwa."

Katika nyumba ya tatu, mzee fundi seremala alikwenda ndani, akarudi na karatasi yenyewe. Aliionyesha upande wa mwenge.

"Hapa wanasema mavuno yameongezeka mara mbili. Weye umeona mavuno?"

"Hapana."

Akaigeuza. "Hapa wanasema daktari anachukua ngozi za watoto. Sasa niambie, ndugu Sumaili, weye umepiga pande zote mbili kwa vidole vyako. Mbele njo wanachotaka tujue. Nyuma njo yenyewe. Ulifikiri hatukuelewa?"

Sumaili aliaga, akaenda nyumba ya nne. Tazameni walichotufanyia wakubwa. Miaka kumi na minne walitudanganya kwa mihuri, hadi watu wenye akili timamu wakajifunza kanuni moja ya kusoma: kilichotiwa saini ni uongo, na kilichofichwa nyuma ya karatasi, bila saini, kwa mtindo wa hadithi, ndicho kweli. Kanuni hiyo ilikuwa imewasaidia mara nyingi. Ni kwa kanuni hiyo walijua siku ya kuficha mbuzi, siku ya kuficha vijana. Watu wa Alunguli hawakuwa wajinga. Walifundishwa vibaya, na mwalimu alikuwa serikali.

Hadi magharibi Sumaili alipita nyumba thelathini na moja. Hakuna aliyemtukana. Wote walimkonyeza.

Jumamosi ilikuwa Salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia barabara na kufyeka majani ambayo kila mtu alipaswa kuonekana akiifanya. Bulaimu, mkubwa wa mtaa, aliona nafasi. Alikuwa mtu wa kusimama wima mbele ya wakubwa zake na kulala nyuma yao, wala sidhani kwamba alikuwa na roho mbaya. Aliletewa kipaza sauti cha betri na karatasi iliyoandikwa ofisini ng'ambo ya mto.

"Citoyen Sumaili, utasoma hii," akasema, kwa neno la Kifaransa la "mwananchi" tuliloamriwa kuitana.

"Chef, niache niseme kwa maneno yangu."

"Maneno yako njo yametufikisha hapa. Soma."

"Wakinisikia nikisoma karatasi, hawataniamini."

"Na usiposoma, mimi nitaandika kwamba ulikataa. Unajua wanapeleka wapi mutu aliyekataa."

Kyakimwa alikuwa amesimama kando, mikono kiunoni. Alisema, "Chef, mwache aongee kama mutu." Bulaimu alijifanya hakusikia.

Nilikuwa pale, jembe mkononi, na nilimsikia. Sumaili alisoma: "Mimi, citoyen Sumaili Kalonga, mwanachama mwaminifu, nakanusha kwa nguvu zote uvumi ulioenezwa na maadui wa taifa..." Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ile sauti bapa tunayoitumia sote mbele ya kipaza sauti, ile inayosema kwamba mwili uko hapa na mwenyewe katoka. Alipomaliza, Bulaimu alitoa ishara. Watu mia tatu walipiga makofi kwa mdundo mmoja, wakaimba ubeti mmoja wa sifa, wakachukua majembe yao. Hakuna mama aliyeelekea shuleni. Wachache waliokuwa bado na watoto nyumbani walikwenda mbio kuwatoa mjini.

Jioni ile Sumaili alikaa barazani kwake na kufikia uamuzi ambao angepaswa kuufikia tangu Ijumaa. Kesho asubuhi angembeba Aziza, apite naye barabara nzima watu wakiona, adungwe mbele ya macho ya wote. Mtu hawezi kumtoa mjukuu wake kwa daktari wa chupa. Hilo hata fundi seremala angelielewa.

Jumapili alfajiri aliamka, akakuta mkeka wa Aziza umekunjwa.

Mwanahamisi alikuwa akipepeta mchele uani. Hakuinua macho.

"Mutoto iko wapi?"

"Ameondoka."

"Na nani?"

"Na mutu wa baiskeli. Usiku, weye umelala."

"Mwanahamisi, sindano ile inazuia surua. Ni dawa tu. Hakuna daktari wa ngozi. Nilimtunga kwenye mashine, mchana, mkubwa akikoroma!"

Aliweka ungo chini. "Miaka thelathini na moja nalala na weye. Ukisema uongo, najua. Jana kwenye mikrofoni ulisema uongo."

"Nilisoma karatasi yao. Lakini jambo lenyewe lilikuwa kweli."

"Basi juu ya nini sauti ilikuwa ile ya uongo?"

Mwanahamisi akaendelea, polepole, kama anayemhurumia: "Ile hadithi ulinisomea hapa uani. Ulilia. Mutu halii juu ya kitu ambacho hakuna. Ukiniambia leo hakuna, ni kwamba wamekushika. Sikulaumu, baba Mariamu. Lakini binti yangu walimwua hospitalini kwao. Huyu hawatampata."

Alimwita baba Mariamu, jina la yule binti aliyekufa. Sumaili alinisimulia hayo baadaye. Alimwomba, akamfokea, akamwapia kwa msahafu. Mwanahamisi hakusema mtoto yuko wapi. Lakini ndugu wa kike alikuwa naye mmoja tu, aliyelima kwenye njia ya Kalima, kilomita ishirini, na Sumaili akaazima baiskeli ya Hamadi.

Alifika jua likiwa limepanda. Shemeji yake alimpa maji ya kunywa.

"Aziza? Hajafika huku, shemeji. Salama lakini?"

Sumaili alizunguka nyumba ile akiita. Aliita kwa jina, akaita kwa mchezo wao: aligonga ukuta kwa vidole kumi, akapiga kelele "Ting!" Akangoja. Hakuna sauti. Alikaa kwenye kivuli cha paa hadi alasiri, akitazama njia, kisha akapanda baiskeli arudi. Wiki nyingi baadaye shemeji alimwambia. Mtoto alikuwa ndani wakati wote, nyuma ya vikapu vya mpunga. Bibi yake alikuwa amemwambia kwamba babu akija na kucheza naye, si babu, ni yule wa chupa mwenye sura ya babu, na asithubutu kujibu. Aziza alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Alikuwa mtoto msikivu.

Sumaili alipofika shuleni jua lilikuwa linagusa miti ya ng'ambo. Kyakimwa alikuwa bado mezani. Watoto tisa tu walikuwa wamedungwa kwa siku tatu, wanane wakiwa wa familia za wafanyabiashara kutoka Kivu waliokuwa kanisa moja naye, na mmoja wa kwangu mimi, mtoto wa dada yangu. Kyakimwa alifungua sanduku, akamwonyesha Sumaili maji: barafu yote imeyeyuka.

"Nipe hata chupa moja," Sumaili akasema. "Kesho nitampata."

"Imekufa, baba."

"Mdunge hata hivyo. Mdunge yeyote. Waone."

"Nidunge maji, nimwambie mama yake kwamba amepona? Hiyo kazi ina wenyewe nchi hii." Alimwaga chupa moja moja kwenye mchanga, mia mbili na thelathini na moja. Alifanya hivyo bila hasira. Hilo ndilo nisilolisahau.

Surua ilivuka mto baada ya wiki tatu. Watoto walikuwa wamekwisha kurudishwa nyumbani, kwa kuwa hatari ilikuwa imepita: daktari wa ngozi ameondoka mikono mitupu. Sitaeleza nilivyoona. Watoto waliwekwa gizani, wakapakwa mawese, wakakohoa. Aziza aliugua siku sita. Siku ya saba alizikwa pamoja na wawili wa fundi seremala, kwa fatiha moja, maana imamu alikuwa amechoka. Katika mitaa yetu mitatu nilihesabu makaburi ishirini na tisa.

Na watu walisema nini? Walisema daktari amekasirika kunyimwa ngozi, akaachilia ugonjwa. Hadithi ya Sumaili ilikuwa imeanza kujitunga yenyewe. Haikumhitaji tena.

Mwezi wa nane ofisi ilitakiwa kupeleka ripoti ya chanjo. Ililetwa imeandikwa kwa mkono: Alunguli, watoto mia mbili na arobaini, wamechanjwa mia mbili na arobaini, asilimia mia, na orodha ya majina iliyotolewa kwenye daftari la mtaa kabla ya msiba. Kazi ya stensili ilikuwa ya Sumaili. Jina la Aziza lilikuwa namba mia na kumi na saba. Wale ishirini na tisa wote walikuwamo, wamechanjwa, wazima, wakiishi vizuri kwenye karatasi nakala hamsini.

Aliipiga yote. Niliposikia nilimwendea nikiwa na hasira, na nilimwambia maneno ambayo kijana hamwambii mtu wa umri wa baba yake. Nilimwita mtumwa. Nilimwuliza kwa nini hakuirarua, kwa nini hakuacha hata mstari mmoja mtupu.

Alinisikiliza. Kisha akasema, "Ningekataa, angepiga mwingine, mwalimu. Na angemtaja Aziza haraka haraka. Mimi jina lake nililipiga polepole."

Sijui kama huo ni woga au ni kitu nisichokuwa na umri wa kukielewa. Bado nakasirika. Hasira yangu haijui imwangukie nani, na nadhani ndivyo walivyotaka: mtu anayeua amekaa mbali mno kwenye kiti chake, na anayepatikana ni karani.

Tangu siku ile Sumaili hakuandika hadithi tena. Alikuwa akivuka asubuhi na kurudi jioni, amekaa nyuma ya mtumbwi, na Hamadi hakumtania.

Siku ya arobaini walimsomea Aziza. Watu walikula, wakaondoka. Mwanahamisi alikusanya sahani, akaosha mikono, akaingia chumbani na kutoka na kifundo cha kitambaa cheupe. Ndani yake mlikuwa na nywele za mtoto, zile zilizonyolewa siku ya saba ya kuzaliwa kwake, nyembamba kama moshi. Aliziweka gotini kwa mumewe.

"Ule daktari wako alichukua kidogo tu," akasema. "Kama punje ya mchele. Hizi njo nyingi zaidi."

Sumaili alizitazama, asielewe. Kisha akaelewa.

"Niambie anakaa wapi," Mwanahamisi akasema. "Nitakwenda mwenyewe, hata kwa miguu, amtoe nakala. Sitauliza wanamfanyia nini. Nitamwambia huyu ana mama, mimi njo mama yake, nitamlilia. Si uliandika kwamba wale hawana wa kuwalilia?"

"Mwanahamisi."

"Hata asinijue. Nitamfundisha."

"Hakuna," akasema Sumaili. "Hakuna daktari. Hakuwepo."

Alisema kwa sauti yake mwenyewe, ile ya chumbani. Mwanahamisi alimtazama usoni muda mrefu, kama anayetafuta mtu mwingine nyuma yake, mtu aliyeshika karatasi. Hakumwona. Sumaili alijua ni dakika ipi hasa mkewe alimwamini, kwa kuwa alishusha macho, akayatua kwenye zile nywele.

"Hakuwepo," akarudia Mwanahamisi.

"Hakuwepo."

"Na sindano ilikuwa dawa."

"Ilikuwa dawa."

Mwanahamisi akachukua kifundo, akakifunga tena, kwanza upande huu, kisha upande ule.

"Basi," akasema, "ningempeleka."